Nishani Iliyoandikwa kwa Mpishi

Luteni alikuwa na umri wa kuwa mjukuu wake, lakini ndiye aliyemnyooshea kidole kifuani mbele ya watu.

"Mzee, hiyo ya mwisho ivue."

Breki alidhani hakusikia vizuri. Jina hilo alipewa jeshini, baada ya kuendesha lori la majeruhi lisilo na breki wiki nzima bila kumwambia mtu, na mpaka leo hakuna anayemwita vingine isipokuwa binti yake. Binti huyo ndiye aliyemshika mkono sasa, kwenye lango la uwanja ambako wastaafu walikuwa wanaingia kwa gwaride la kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Suti ya Breki ilikuwa imenyooka, viatu vinang'aa.

"Ivue kwa nini?"

Luteni alipitisha kidole kwenye kishikwambi chake. "Kumbukumbu zinaonyesha una nishani mbili. Umevaa tatu. Hiyo ya ushujaa haimo."

"Basi hicho kibao chako hakijui kuhesabu."

Foleni ya wastaafu ikaangua kicheko. Luteni hakucheka. Alisema nishani isiyo kwenye jalada la mvaaji hushikiliwa mpaka mwenyewe apatikane.

"Mwenyewe si ndiye mimi!"

"Hilo utalieleza masijala, mzee wangu."

Breki aliivua mwenyewe, maana hakutaka mkono wa mtu mwingine umguse kifua. Pini ikamchoma kidole alipomkabidhi Luteni. Nyuma yake mtu alinong'ona kwamba siku hizi watu wananunua nishani sokoni kama vifungo vya shati. Aligeuka ajue ni nani, lakini kila uso ulikuwa umetazama chini. Hakuingia uwanjani. Alirudi nyumbani na suti yake, akakaa sebuleni bila kuvua hata viatu, na binti yake alipomletea chai akamwambia ainywe yeye.

Kesho yake aliandika ombi kwamba nishani ile iongezwe kwenye kumbukumbu za utumishi wake. Hakujibiwa. Akaandika la pili, kwa herufi kubwa. Mwishowe akaitwa.

Masijala ya jeshi ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za majalada mpaka darini na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Msimamizi wake alikuwa meja mmoja, mama wa makamo, mpole wa sauti. Alifungua jalada, akalifunga, akafungua jingine.

"Nishani hii ipo, mzee. Kuvuka daraja linalowaka mara ya pili kufuata majeruhi. Ila imeandikwa kwa askari mwingine. Mpishi."

"Mpishi?" Breki aligonga meza. "Mpishi gani alivuka daraja? Alivuka na sufuria?"

Kisha akakumbuka kwamba kikosi chao kilikuwa na mpishi mmoja tu mwenye kimo kama chake. Kijiko.

Picha yote ikamjia. Siku jenerali alipokuja kuvalisha nishani, Breki alikuwa kitandani hospitalini na risasi pajani. Sajini meja wao alikuwa mtu ambaye angevumilia njaa, mvua na adui, lakini si pengo kwenye mstari wa mbele. Mtu akiugua, aliwekwa mwingine wa kimo chake, gwaride likapendeza. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Siku hiyo alimtoa Kijiko jikoni, akamvalisha kombati safi, akamsimamisha pale. Jioni Kijiko alikuja wodini, akamchomekea Breki nishani kwenye shuka na kumwambia hongera, huku wauguzi wakipiga makofi.

"Tumemwandikia mpishi barua aje aichukue," alisema Meja.

"Aichukue nani?"

"Mwenye jalada, mzee."

Breki alitoka bila kuaga. Binti yake alimkimbilia barabarani akimsihi, "Baba, mguu wako!" Akamjibu kwamba mguu hauna shida, shida iko kichwani, na shida hiyo ina jina.

Kijiko alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Alipomwona mgeni alisimama, mikono imefunguka.

"Breki! Karibu, ndugu yangu!"

"Usiniite ndugu. Siku ya gwaride, ulitaja namba gani?"

Mikono ya Kijiko ikashuka polepole.

"Yangu," alisema.

"Yako!"

"Ilinitoka, Breki. Jenerali kasimama mbele ya pua yangu, ananiambia, 'Namba!' Wewe unajua tulivyofundishwa. Askari akiulizwa namba anataja yake hata akiwa usingizini. Na mimi nilikuwa nimetoka kumenya viazi, bado naona maganda tu. Karani nyuma yake akaandika."

"Na hukusema."

"Niliogopa sajini meja. Nikajua wataona majina na kusahihisha wenyewe."

"Haya, hiyo ni siku ile. Lini ulijua hawakusahihisha?"

Kijiko alitazama nyumba yake, kisha akapunguza sauti. "Siku niliyostaafu. Walinisomea utumishi wangu mbele ya watoto. Walipofika kwenye nishani, yule wa mwisho alipanda juu ya kiti akashangilia. Nikajiambia nitasema kesho."

"Kesho! Watoto wako sasa wana mvi, Kijiko! Mimi nimevuliwa nguo langoni kama mwizi wa kuku, na wewe bado unasubiri kesho!"

"Sikuwahi kuivaa, Breki. Naapa."

"Ungeivaaje? Ilikuwa kwangu!" Sauti ya Breki ilipasuka katikati, na hilo likamkasirisha zaidi. "Asubuhi uwe masijala. Usipokuja nitakubeba mgongoni kama gunia la viazi, na mguu huuhuu mbovu."

Kijiko alikuja. Alifika kabla ya Breki na binti yake, amevaa koti lililompwaya. Alimweleza Meja habari yote bila kupamba, na Meja akavua miwani.

"Nimeelewa. Lakini njia ya kuondoa nishani kwenye jalada ni moja tu." Alisukuma fomu juu ya meza. "Kuvuliwa kwa sababu ya udanganyifu. Utasaini hapa. Nakala moja itasomwa kikosini, nyingine itakwenda kwa familia."

"Watasomewa watoto?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo."

Kijiko akachukua kalamu.

Breki alikuwa ameiota dakika hii njia nzima. Alitaka kuona mtu mwingine naye anavuliwa. Sasa aliona vidole vya mzee vinatafuta mstari wa kusaini, na hasira yake haikupoa hata kidogo, ila iligeuka upande.

"Weka kalamu chini."

"Breki, niache nimalize."

"Weka chini nimesema! Afande, nikuulize. Nani alimweka huyu kwenye mstari?"

"Sajini meja, kwa maelezo yenu."

"Angekataa?"

"Angeadhibiwa."

"Na aliyeandika namba bila kutazama jina, ni mpishi pia?"

"Ni karani wa makao makuu."

"Basi andika kosa ni la jeshi. Mimi niliomba kuongezewa nishani yangu. Sikuomba mtu avuliwe utu."

"Mzee, hatuna utaratibu wa hivyo."

"Wa kumdhalilisha mstaafu langoni mbele ya binti yake mlikuwa nao! Ule mliupata upesi! Huu nao tutautengeneza leo." Akavuta kiti, akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu katikati ya njia. "Na nikishaketi, huu mguu hauinuki haraka."

Makarani walikuwa wameacha kazi. Binti yake, aliyekuwa mlangoni, aliingia akasimama nyuma ya kiti.

"Sema kwa nguvu, Baba. Wale wa rafu za mwisho hawakusikii."

Kijiko alikohoa. "Afande, la gwaride ni la jeshi, sawa. Lakini kunyamaza baada ya kustaafu ni kosa langu. Andika na hilo."

"Hilo ni kati yangu na wewe," alifoka Breki. "Halimhusu Meja."

Meja aliiweka fomu pembeni, akachukua karatasi tupu na kuanza kuandika kwa mkono wake. Alipofika kwenye neno kosa alisimama, akapumua, akaendelea. Aliandika kwamba jeshi lilikosea kuandika, kwamba mpishi alisimama kwa amri, na kwamba nishani ni ya dereva. Akasaini na kupiga mhuri. Kisha akafungua droo na kumkabidhi Breki nishani kwa mikono miwili.

"Tuwie radhi, Koplo," alisema.

Breki aliichomeka kifuani, akageuka kuelekea mlangoni. Alikuwa na hasira bado, na aliogopa akifungua mdomo atalia.

Nje, Kijiko alimfuata mpaka barabarani. "Umenisamehe?"

"Hapana."

"Haya."

"Watoto wako hawajui lolote. Hakuna barua itakayowaambia. Utawaambia wewe, leo hii."

Kijiko alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga. "Peke yangu sitaweza, Breki."

"Nani kasema peke yako? Nitakaa palepale nikutazame. Ukipunguza neno moja, nitaliongeza."

Akaanza kuchechemea kuelekea nyumbani kwa Kijiko, mbele kabisa, maana hakutaka kuuona uso wake. Lakini Kijiko alikuwa mzito wa miguu, na kila alipoachwa nyuma Breki alisimama, akageuka, akamfokea.

"Tembea basi!"

Na akamngoja mpaka afike.