Toka Melbourne Hadi Busunzu

Baba alikataa kula. Mdomo kaubana kama mtoto anayekwepa dawa, anasema hatatia kitu kinywani mpaka Loyce afike. Loyce ni mdogo wangu, muuguzi huko Melbourne. Na Loyce haji. Alinipigia simu mwenyewe: kazi nyingi, ruhusa hakuna, "dada, mwambie baba nampenda." Mwambie wewe, nikamjibu, nikakata simu.

Daktari wa zahanati alikuwa ameshaniambia, mzee asipokula hamalizi wiki. Sasa ningefanyaje? Nikadanganya. Nikachukua bakuli la uji, nikakaa kitandani kwake, nikasema, "Baba, Loyce kapanda ndege."

Mdomo ukafunguka papo hapo! Hasira iliyonipanda, acha tu. Miaka yote namgeuza, namfulia, namwogesha, hajanifungulia mdomo namna ile hata siku moja.

Safari ile aliikariri tangu Loyce alipokuja kumzika mama. Kila mgeni aliyeingia kwetu Busunzu alisomewa: Melbourne hadi Dubai, masaa kumi na manne angani. Dubai hadi Dar, matano na ushee. Dar hadi Kigoma, ndege nyingine. Halafu gari: Kasulu, Kibondo, nyumbani. Basi nikamlisha kwa safari hiyo hiyo. "Yuko juu ya bahari, baba, kunywa." Anakunywa. Kesho yake asubuhi, "Kashuka Dubai." Akamaliza bakuli, akaomba jingine.

Lakini hakuniacha nipumue. Yuko wapi sasa? Na sasa je? Nachambua maharage, ananiita. Nayainjika, ananiita. Nikachoka, wallahi nilichoka. Nikajipaka manukato aliyoniachia Loyce, nikaingia chumbani, nikaibana sauti iwe ya mdogo wangu. Macho ya baba yalishazibwa na mtoto wa jicho, haoni hata mlango.

"Data, nimefika," nikasema, maana Loyce humwita baba hivyo, kwa Kiha.

Akanishika mkono. Akaushika muda mrefu, na mimi mjinga nikalia kweli. Nikaona niulize, maana nafasi kama ile ningeipata lini tena? "Na dada Ernesta, baba? Si amekutunza vizuri?"

"Ernesta?" Akacheka. "Huyo alikosa pa kwenda. Mbuzi aliyefungwa kamba akibaki uani, utasema anakupenda?"

Iliniuma, jamani. Iliniuma mpaka masikio yakaziba.

Akauachia mkono wangu. "Ndege itoke Dubai, ifike Dar, ifike Kigoma, gari lije mpaka hapa, yote hayo kabla maharage hayajaiva? Kaangalie jiko, Ernesta, yanaungua. Loyce akifika kweli ndiyo uniite."

Kumbe alijua! Alijua tangu nilipofungua mdomo, na ile ya mbuzi alinipa mimi, makusudi.

"Loyce haji," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe. "Hajapanda ndege yoyote. Amesema ana kazi."

Akageukia ukutani. Nikaenda kuleta uji, nikagonga kijiko kwenye meno yake.

"Fungua, baba."

Akabana. Nikagonga tena, akabana zaidi. Siku nyingine ningembembeleza. Nikakaa pale pale kitandani, karibu kabisa na sikio lake, nikaunywa uji wote mwenyewe, nikiufyonza kwa sauti ili asikie vizuri.