Meza ya Mchungaji Mbele ya Gitaa

Jamani, kama kuna mtu aliyeamka na roho juu Jumamosi ile, ni Truphosa. Tangu asubuhi alikuwa anapigia simu kila Mkenya wa Mansfield, kule Texas karibu na Dallas: "Baba amefika! Ako kwangu, anakunywa chai na lile koti lake la ngozi, hataki kulivua!" Whitney, rafiki yake waliyesoma naye uuguzi, akamwambia, "Wewe, pumua kwanza. Utazimia kabla gitaa halijalia."

Na angepumuaje? Babake, Mzee Patroba, ndiye kiongozi wa Radi Saba, bendi ya roki iliyotikisa Kakamega hadi Nairobi enzi za suruali pana chini. Lakini mama alipookoka, gitaa liliingia uvunguni. Truphosa amekua akimwona babake analipangusa vumbi tu, hajawahi hata siku moja kumwona analipiga mbele ya watu. Sasa mwaka wa 2003, mama ameshatangulia mbele za haki, wazee wenye mvi wameletwa Texas: Jumamosi Dallas, Jumapili Houston, halafu bendi inafungwa kabisa. Pale uwanja wa ndege mzee alimshika binti yake mkono.

"Mimi sitaki mengi, mama. Nataka nione watu wameinuka wanacheza, mara ya mwisho. Na wewe uwe mmoja wao."

"Baba, watainuka! Wataruka mpaka dari ilie!"

Shida, wiki kadhaa kabla ya hapo, ilikuwa kujaza ukumbi. Wakenya wa Dallas utawapata wapi pamoja kama si kanisani? Truphosa akamwendea Mchungaji Gichuki, na mchungaji, Mungu ambariki, akatangaza kila Jumapili baada ya sadaka. Sasa mtu amekutangazia hivyo, utamketisha nyuma karibu na choo? Haiwezekani. Truphosa akamwekea meza mbele kabisa, chini ya jukwaa: kitambaa cheupe, maua, maji ya chupa, yeye na mkewe na wazee wa kanisa.

Whitney alipoiona akashika kiuno. "Trufo, na watu watachezea wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni, mchungaji akiwaangalia?"

"Wacha wasiwasi, bana. Wakisikia gitaa watasahau kila kitu."

Ukumbi ukajaa pomoni. Yakaanza maombi, maombi yakazaa neno fupi ambalo halikuwa fupi, kisha pilau, mbuzi, chapati. Watu walipokuwa wanafungua vifungo vya suruali ndipo Radi Saba wakapanda. Na walipiga! Yule mzee wa ngoma alikuwa anatandika kama anadaiwa, na gitaa la Patroba lilikuwa linalia mpaka nywele zinasimama. Chini ya meza miguu ilikuwa inatingishika ukumbi mzima. Juu ya meza, watu wametulia kama wanasikiliza mahubiri. Kila mtu anaibia jicho kwa mchungaji, halafu anarudi kwa soda yake. Wimbo ukiisha, makofi ya adabu. Baada ya wimbo wa pili mama mmoja akasema, "Amina."

Ndipo Patroba akasogelea maiki. "Huu unaitwa Usilale Truphosa. Niliutunga wiki aliyozaliwa binti yangu." Akaanza kumtafuta kwa macho, meza hadi meza.

Truphosa alikuwa mlangoni mwa jikoni na trei ya soda. Miguu ilimvuta, kweli ilimvuta. Lakini mke wa mchungaji aligeuka akamtabasamia, na Truphosa akajiona: yeye mwandalizi, peke yake, anazungusha kiuno mbele ya kile kitambaa cheupe. Kesho kanisani wangesema nini? Akasubiri mtu mmoja tu ainuke, ili yeye awe wa pili. Hakuna aliyeinuka. Wimbo ukaisha. Akaweka trei chini, akapiga makofi kama wengine.

Pale parking, Mchungaji Gichuki alimkumbatia Patroba. "Mzee, hizo nyimbo zote nazijua! Nilikuwa natoroka bweni kuwafuata. Leo miguu nimeishikilia kwa nguvu, wallahi… samahani, kweli tupu. Lakini ningesimama vipi mbele ya waumini wangu?"

"Na wao wangesimama vipi mbele yako?" Patroba akasema, akicheka kwa heshima. Truphosa alisikia, akajifanya anatafuta ufunguo wa gari.

Kesho yake aliendesha mpaka Houston mdomo haufungi. Amempigia Parfait, yule Mkongomani aliyekodi ukumbi wa Sharpstown, mtaa wa hukohuko Houston: viti vyote nje! Chakula hakuna! Wachungaji wabaki makwao! Babake alikuwa anatazama nyasi dirishani.

"Watu wa huku wanapenda vya kanisa, naona," akasema polepole.

"Baba, subiri uone leo!" Truphosa akamkatiza. Hakumsikia vizuri.

Sharpstown vijana walikuwa wameshafunga kamba za viatu, ukumbi mweupe hauna kiti hata kimoja. Parfait akapiga kelele, "Papa Patroba, tuko tayari! Washa moto!"

Patroba akatoka amevaa suti na tai. Koti la ngozi halipo. Akaketi kwenye kistuli, akapakata gitaa, akaanza tenzi, wenzake wakimfuata. Taratibu, kwa sauti nzuri ya kanisani. Ikaisha, akaanza nyingine.

"Hii ni matanga ama?" kijana mmoja akanong'ona. Wakaanza kutoka, wawili watatu, kwenda kupiga stori nje.

Truphosa akapenya hadi katikati ya ukumbi. Akainua mikono akacheza, kwa tenzi hiyohiyo, peke yake, machozi yanamtoka. Whitney, aliyekuja nao, akaweka mkono mdomoni. Hakuna mtu aliyekuwa anamtazama vibaya. Hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama kabisa, isipokuwa babake, na babake alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgeni aliyefika vyombo vimeshaoshwa.

Akasogea mpaka ukingo wa jukwaa. "Baba, piga ile yangu. Tafadhali. Si unaona niko hapa?"

Patroba alilaza kiganja juu ya nyuzi mpaka zikanyamaza.

"Ile nilishaipiga Dallas, mama."