Bango la Mzee Seif

Wiki mbili kabla ya Uhuru, Mwanza nzima ilishikwa na wazimu wa rangi. Kila mwenye duka alitaka bango, na kila bango lilitakiwa liwe na neno Uhuru. Uhuru na sabuni, Uhuru na majani ya chai, Uhuru na magodoro. Kinyozi mmoja wa karibu na soko alinitaka nimwandikie Uhuru juu ya picha ya kichwa kilichonyolewa nusu. Nilimwambia asubiri, maana mimi Venant nilikuwa nimeshapata kazi kubwa kuliko zote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mzee Seif, mwuza taa za chemli. Kamati ya sherehe ilikuwa inagawa nafasi za mabango kwenye uwanja wa ngoma, njia ya kwenda Nyakato, na Mzee Seif aliniachia nichague mimi.

"Watu wakilisoma bango langu siku hiyo," alisema, "utaandika maduka yangu yote, kuanzia Musoma mpaka Bukoba. Wasipolisoma, nitamleta fundi wa Kampala. Sitaki lawama baadaye, kijana wangu."

Miaka sita nilikuwa nikipiga chapa magunia ya pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia. Namba ileile, wino uleule, vumbi lilelile kooni. Mtu aliyenifungulia mlango wa kutoka pale ningembebea hata bango lenyewe kichwani.

Nilichagua upande wa magharibi. Nilifikiri kama fundi: asubuhi jua litapiga kwenye herufi, zitang'aa. Tukachimba mashimo, tukasimamisha nguzo, kamati ikaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna kuhama tena. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mke wangu Bernadeta alicheka nilipomweleza. Kisha akaacha kucheka.

"Magharibi wamewekwa wachezaji wa Bagalu," alisema. "Wapinzani wao, Bagika, wako mashariki."

"Basi?"

"Wewe Mhaya, unadhani ngoma ni kanisani, watu wanakaa kwenye mabenchi? Hawa wanacheza huku, wale wanacheza kule, wakati mmoja. Watu wanakimbilia wanakotaka. Upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Na mashariki anacheza kaka."

Kaka yake, Masalu wa Bujora, alikuwa kiongozi wa wachezaji wa Bagika na alikuwa hajashindwa miaka minne. Watu wangemfuata yeye, wakaliacha bango langu likisomwa na mbuzi. Wangeligeuzia mgongo, hatua mia mbili toka pale. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli, kuishi na Wasukuma muda wote ule bila kuuliza ngoma yao inaamuliwaje.

Siku tatu nilitafuta njia ya kulihamisha. Niliiomba kamati, wakanionyesha daftari. Siku ya nne nilipanda baiskeli nikaenda Bujora, na Bernadeta nilimwambia naenda kutafuta brashi.

Masalu alikuwa amekaa nje, anatunga njuga zake kwenye kamba mpya ya ngozi. Alifurahi kuniona, akanivutia kigoda.

"Shemeji," nilisema, "siku ile usicheze kwa nguvu zako zote."

Hata sasa naona haya kuyaandika maneno hayo. Nilimweleza habari za Mzee Seif, za magunia, za kifua changu kinachokohoa vumbi la pamba usiku kucha. Alisikiliza huku anaendelea kutunga.

"Bernadeta anajua?"

"Hajui."

Aliivuta kamba, akaikaza kwa meno. "Nimesikia," alisema. Sikuthubutu kuuliza amesikia nini.

Siku yenyewe jua lilitoka vizuri, herufi ziking'aa kama nilivyotaka. UHURU NA MWANGA. TAA ZA CHEMLI, KWA SEIF. Mzee Seif alikuja na kanzu nyeupe na wageni wawili kutoka Musoma, akasimama chini ya bango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

Watu walikuwa mashariki. Ngoma zilipoanza tu, uwanja mzima uliinamia kule. Hata mwuza karanga aliyekuwa mbele yetu alibeba sinia lake akaondoka. Nilisikia njuga za Masalu juu ya ngoma zote, na vumbi likipanda. Mzee Seif alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Kisha zile njuga zikapoa.

Nilipanda juu ya nguzo nione. Masalu hakuanguka wala hakuteguka mguu. Alikuwa anacheza kama mtu anayeogopa kuchafua nguo. Wapiga ngoma wake waliongeza kasi wakimtazama, wakamwita kwa jina, naye akainua mguu polepole, akaushusha polepole. Watu wakaguna, wakacheka. Wa kwanza wakaanza kukimbia kuja kwetu, na waliobaki wakawafuata wote.

Walijaa mbele ya bango mpaka wageni wa Musoma wakasukumwa. Watoto wa shule walisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na wasiojua kusoma wakarudia. Mzee Seif alinishika mkono akautikisa.

"Musoma, Bukoba, na Nansio pia!" alipiga kelele.

Nilimtafuta Bernadeta kwa macho. Alikuwa amebaki mashariki, kwenye ule uwazi, anampigia kaka yake vigelegele peke yake.

Jioni, jua halijazama, Masalu alikuja kwetu. Hakukubali kuingia. Alisema wazee wa Bagika wamemvua uongozi, na vijana wake wamemwita mwoga mbele ya watoto wake. Hakusema kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Akatoa njuga kwenye mfuko, na ile kamba mpya, akaniwekea mikononi.

"Zitundike kwenye bango lako, shemeji," alisema. "Ziwaite watu."

Akaondoka. Nilibaki mlangoni na uzito ule mikononi, kila nikitikisika kidogo zinalia.

Bernadeta alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la maji aliyomwandalia kaka yake anawe. Aliziangalia njuga, akaniangalia mimi.

"Venant," alisema, "kwa nini amekupa wewe?"