Joto la Mpishi

Fundi viatu, anayekaa ukuta mmoja na Mpishi, anadai kwamba yeye ndiye aliyeona kwanza. Anasema alikwenda asubuhi kuomba kaa la kuwashia jiko lake, akamkuta Mpishi amekaa uani kwenye kigoda, sufuria ya chai mapajani, chai inachemka mpaka mfuniko unacheza, na moto hakuna popote. Fundi viatu anajulikana kwa kutia chumvi kila anachosimulia. Safari hii alipunguza. Wakati anabisha hodi, maharagwe yalikuwa yameshaiva kwenye mapaja hayohayo, na ile chai ilikuwa sufuria ya pili.

Mpishi aliipikia shule ya msingi tangu usichana wake. Jiko la shule lilikuwa chumba cha mabati kisicho na dirisha, na masufuria yake yalikuwa makubwa, mtoto angeweza kuoga ndani. Kuni zililetwa mbichi. Kuni mbichi haziwaki, zinalalamika tu, kwa hiyo Mpishi aliinama akapuliza, akavuta pumzi pamoja na moshi wake, akapuliza tena. Mama yake alikuwa amepuliza hivyohivyo kwenye mafiga matatu, kwa kuni alizobeba kichwani, na bibi yake kabla ya hapo. Baadaye miti ikaisha karibu, kuni zikawa mbali, ukaja mkaa. Mkaa ukawa haushikiki, yakaja mafuta ya taa, yenye moshi mwembamba uliopenya mpaka ndani ya kopo la chumvi. Ng'ambo ya barabara watu walishafika kwenye gesi na umeme, na wengine walikuwa na mashine ya kukaushia nguo jua likiwa linawaka. Upande huu bado watu walikuwa wanapuliza.

Shule ilipoletewa majiko ya umeme ilimpigia Mpishi makofi, ikamrudisha nyumbani. Alirudi na kikohozi, na joto likafuata. Halikuwa homa. Alikula vizuri, alilala vizuri, ila shuka zilitoka kitandani zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Binti yake wa mwisho, Mziwanda, ndiye aliyezoea kwanza. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa, na elimu yake iliishia darasa la saba. Alianza kuegemeza pasi mgongoni kwa mama yake mpaka ipate moto, kisha anarudi mezani. Hakununua mkaa tena.

Majirani nao waliendelea kama zamani. Kwa Mpishi moto ulikuwa hauzimwi, unafunikwa majivu, na mwenye shida alikuja na kipande cha bati akapewa kaa. Sasa walikuja na masufuria.

"Hilo lako lina masizi," Mpishi alimwambia fundi viatu. "Litanichafulia gauni."

"Jamani! Jiko gani linachagua sufuria?"

"Jiko lenye mdomo. Kalisugue kwanza."

Habari zikavuka barabara. Akaja mhandisi wa umeme, kijana mwenye adabu, akaamkia, akavua viatu mlangoni. Alikuwa na kipimo chenye mshale. Alikigusisha kwenye kiganja cha Mpishi, kwenye kisogo, kisha kifuani, na hapo mshale ukafika mwisho ukagonga.

"Nishati haipotei, mama," alisema. "Jua liliingia kwenye mti, mti ukawa kuni, kuni zikawa moshi, moshi ukaingia kwako. Miaka yote hiyo ulikuwa unaweka akiba."

"Sikuwa naweka akiba, mwanangu. Nilikuwa napika."

Mhandisi alikubali kwa kichwa. Akauliza kama wanaweza kusimamisha nguzo pale uani na kuvuta waya mpaka ndani. Mziwanda alisema ndiyo kabla hajamaliza. Alikuwa ameomba umeme kwa muda mrefu, hata mlinzi wa ofisi ya umeme alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kumwonea huruma.

Nguzo ilisimamishwa kwa shangwe. Wanawake walipiga vigelegele. Fundi viatu alileta balbu yake mwenyewe, akaining'iniza juu ya kitanda cha Mpishi, akaifuta vumbi kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Mafundi wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakaupitisha dirishani, wakaufunga kwenye bangili ya shaba, na bangili wakamvalisha Mpishi mkono wa kulia. Ikamkaa vizuri.

Mziwanda akabonyeza swichi. Balbu haikuwaka.

Wakabonyeza siku nzima. Walibonyeza taratibu, walibonyeza kwa nguvu, walibonyeza kwa kushtukiza. Fundi viatu alishauri kidole kiwe kikavu. Mama mmoja alisema labda umeme una aibu, wapunguze watu chumbani, na watu wakatoka. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba waya unaweza kuja nyumbani kwa mtu ili uchukue. Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha barafu, kilichokuwa kimelala kwa muda mrefu, kilikuwa kinanguruma.

Mziwanda alikwenda ofisini kuuliza. Mhandisi alimweleza kwa upole kwamba waya ule ni wa kutoka. Wa kuingia ni maombi mengine.

"Basi nayaomba hayo mengine."

"Dada, yale ya kwanza bado yanashughulikiwa."

Kiwanda hakikukosa shukrani. Kila Ijumaa kilimletea Mpishi pande la barafu lililofungwa kwenye gunia. Pande la kwanza liliyeyuka kizingitini, kabla mleta barafu hajasema hodi, na Mziwanda akayapigia deki yale maji. La pili lilifika kitandani. Yaliyofuata yalikaa kwenye beseni mpaka mchana, kisha mpaka jioni.

Kufikia hapo chai ilikuwa inapata uvuguvugu tu mapajani. Majirani walichukua masufuria yao mmoja mmoja, wakisema wana haraka. Mpishi alivaa sweta, kisha soksi, kisha sweta jingine. Alihamishia kigoda chake juani akawa anazunguka na jua uani, na jioni kivuli kilipomfikia alisema, "Haya, na lenyewe limekwenda."

Mziwanda alijaribu kumvua bangili. Alitumia sabuni, alitumia mafuta ya kula. Mkono ulikuwa umekonda, na bangili ilikuwa imekonda nao.

"Iache, mwanangu. Unanichubua."

Akanunua mkaa. Aliweka jiko karibu na miguu ya mama yake, akapiga magoti, akapuliza. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukatoa moshi, na Mziwanda aliumeza mwingi. Mpishi alinyoosha mikono kwenye moto, mashavu yakaanza kurudiwa na rangi, na waya ukalia kidogo dirishani. Mara ile ile akaanza tena kutetemeka. Kiwanda kiliongeza mngurumo.

Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Mziwanda," alisema, "unapulizia kiwanda."

"Sasa nisipulize?"

Fundi viatu aliondoka mlangoni. Alikwenda kuleta koti lake, akamfunika Mpishi. Mziwanda akaendelea kupuliza, siku ile na zilizofuata.

Mhandisi alirudi Ijumaa moja kabla ya saa sita, kwa sababu barafu ilikuwa inatoka laini. Aliamkia, akavua viatu. Pande la wiki iliyopita lilikuwa bado kwenye beseni chini ya kitanda, na kona zake zote. La wiki hii lilikuwa limewekwa juu yake kwa kukosa nafasi. Mhandisi aligusisha kipimo kifuani kwa Mpishi, akangoja. Mshale ulijisogeza kidogo ukatulia.

"Umeshuka," alisema, na alionekana kusikitika kweli.

"Nimechoka, mwanangu," alisema Mpishi kutoka ndani ya koti. "Samahani."

Mziwanda alikuwa amepiga magoti kwenye jiko, majivu mpaka kwenye nyusi. Aliinuka akakohoa. Mhandisi aligeuka, akatazama mahali kikohozi kilipotoka, akasogea, akagusisha kipimo chini ya shingo yake. Mshale ulipanda.

"Kaka," alisema Mziwanda, "mfungue mama. Sitaki taa tena, balbu nitamrudishia mwenyewe. Mfungue tu, joto lililobaki libaki kwake."

Mhandisi alifungua mkoba wake.

"Kaka, nimekuomba."

Alikuwa ameushika mkono wa Mziwanda kwa vidole viwili, anaugeuza huku na huku, akitafuta mahali ambapo bangili ingekaa vizuri.