Macho ya Kijiji

Mkojo ulichemka ndani ya kichupa chembamba, na ile dawa ya bluu aliyoichanganya Kefa, mganga wa zahanati, ikaanza kugeuka. Ikawa kijani. Ikawa njano. Tulinagwe, mwenye mkojo ule, aliomba moyoni ikomee hapo. Haikukoma. Ilituama na rangi ya tofali lililoungua.

"Sukari bado iko juu, mama," Kefa alisema. "Mwaka wa saba huu, na macho hayajapimwa hata siku moja."

"Macho yangu hayana neno, mwanangu. Naona chawa mgongoni mwa kunguru."

"Ndiyo maana nakutuma sasa. Ugonjwa huu haubishi hodi. Unaingia nyuma ya jicho, unatoboa mishipa kimya kimya, nawe unaendelea kuona. Ukija kuona kiza, ugonjwa umeshamaliza kazi yake. Daktari wa macho anafika hospitali ya wilaya Alhamisi. Akiondoka ni miezi sita. Nenda kila anapokuja, uwe unaona, uwe huoni."

Akaandika kikaratasi. Lakini kikaratasi cha zahanati hakikumpandisha mtu basi. Siku ya kazi hakuna aliyetoka kijijini bila barua ya mwenyekiti. Mgambo wa kizuizi cha barabara kuu walikuwa wamemrudisha hata mjane aliyekuwa akienda msibani Nanyala.

Alimkuta Mwenyekiti Anania kwenye vichanja vya kahawa, akizunguka nyuma ya wanawake waliokuwa wakichambua. Anania alisoma kikaratasi, kisha akakisoma tena kwa sauti, kama anayesoma shtaka.

"Alhamisi, Mama Lusubilo? Alhamisi wageni wa wilaya wanakuja kuipima kahawa yetu. Bendera ya ushindi iko mlangoni, wewe unatoroka?"

"Sitoroki, Ndugu Mwenyekiti. Naenda kupimwa macho."

"Yanauma?"

"Hayaumi."

"Huoni?"

"Naona."

Wanawake wakacheka. Anania naye akacheka, akachota punje safi kiganja kizima, akachomeka mbovu kumi na mbili ndani yake, nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, akavuruga.

"Haya. Chambua. Ukikosea moja, moja tu, nakuandikia barua hapa hapa, na muhuri juu."

Jenista, wifi yake, alimwinamia sikioni. "Kosea, wifi. Kitu gani? Punje moja tu."

Tulinagwe alijua. Kuacha punje moja nyeusi ilale kati ya nyeupe, kisha barua, kisha basi la Alhamisi. Lakini vidole hivi mama yake alivipiga fimbo kule kwao Mbebe, kwa kila punje mbovu iliyompita, tangu hajaota hata matiti.

"Mwacheni," Anania alisema. "Labda kweli uzee umemfika."

Vidole vikaanza kazi. Anania alitoa sigara; kabla hajaiwasha, kazi ilikuwa imekwisha. Punje mbovu kumi na mbili zilikuwa zimelala mstari mmoja pembeni. Tulinagwe akaongeza ya kumi na tatu.

"Hii hukuiweka wewe, Ndugu Mwenyekiti. Ilikuwamo. Uliidhani nzima."

Vigelegele na makofi vikapasuka. "Haya ndiyo macho ya mgonjwa?" Anania alipaza sauti. "Haya ni macho ya kijiji!" Akakunja kikaratasi cha Kefa, akakitia mfuko wa shati.

Jenista peke yake hakupiga makofi.

Alhamisi ile ya Agosti ilipita. Bendera ikaja.

Mwezi wa kumi na mbili Tulinagwe alianza kupangusa utando wa buibui usoni. Aliupangusa jikoni, aliupangusa kanisani, hata watu wakamtazama. Utando haukutoka. Januari, alfajiri moja, aliinua kichwa kutoka kwenye mto akaona pazia jekundu limeshuka, na kila alipogeuza uso, pazia liligeuka naye.

Safari hii Anania hakumpa jaribio. Aliandika barua siku ile ile, akapiga muhuri, akampa na mgambo wa kumshika mkono.

Daktari wa macho alirudi Februari. Alimtia dawa ya matone, akamwinamia kwa taa, karibu mpaka Tulinagwe akasikia saa yake ya mkononi.

"Damu imejaa nyuma. Utando wa ndani umebanduka, macho yote mawili. Agosti tungekuwa na la kufanya. Kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa naona," alijibu.

Msimu uliofuata wageni walikuja tena. Tulinagwe aliketishwa mbele ya vichanja, chini ya bendera, kanga mpya begani. Vidole vyake vilipapasa punje moja moja. Zilizotobolewa alizijua kwa kucha. Nyeusi hazina alama ya kushika.

"Ndugu wageni, huyu ndiye mama niliyewaambia," Anania alisema. "Macho ya kijiji chetu."

"Mama, tazama huku!" mpiga picha aliita.

Tulinagwe aliigeukia sauti, akakichekea kigingi cha kichanja. Mkono haukusimama. Punje nyeusi ilidondoka kwenye kikapu cha kahawa safi, juu kabisa, mbele ya wageni. Jenista alinyoosha mkono. Mwenyekiti alimtangulia; aliichukua kwa vidole viwili, akaitia mfuko wa shati.

Tulinagwe akasikia mkwaruzo wa vidole kikapuni. Akasita.

"Nimekosea?"

"Hata moja, mama," Anania alijibu, akafunga kifungo cha mfuko. "Endelea."