Mgeni Rasmi Amefika Kitai

Iddy alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mapokezi ya Kituo cha Afya Ndumbika, akifungua skrubu za kompyuta kwa ncha ya kisu. Bisibisi ya kituo ilikuwa imeazimwa na mtu wa mashine ya kusaga, na mtu huyo alikuwa amesafiri nayo. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, na mazabodi ikafa. Mazabodi ndiyo ile bodi pana ambayo vipande vingine vyote hushikizwa juu yake, na ikifa hiyo, vingine hubaki kama wafanyakazi wazima waliofungiwa nje ya ofisi. Prosesa ilikuwa nzima. RAM zilikuwa nzima. Diski, feni na pawasaplai, vyote vizima. Lakini kompyuta haikuwaka, na bila kompyuta maombi ya dawa hayakwenda, na kabati la dawa lilikuwa limebaki na panadol na bandeji.

Fundi Erasmo wa Mbinga mjini alikuwa amepata mazabodi ya mtumba, ya rika lilelile, inayopokea prosesa ya zamani na RAM za zamani. Aliituma kwa basi, imefungwa kwenye gazeti ndani ya ndoo ya maharage. Iddy aliyachambua maharage, akampa Sista Tereza, mkunga, akayapeleka jikoni. Mazabodi ilikuwa safi. Ila ilikuja bila betri, kile kidonge cha duara kama kifungo cha koti ambacho hutunza saa na tarehe kompyuta inapozimwa.

Stoo kulikuwa na kompyuta ya kwanza ya kituo, imefunikwa gunia la kahawa. Iddy aliifungua na kuchomoa betri yake.

"Hiyo ilizimwa siku ya Anjelina," Sista Tereza alisema alipopita na beseni. "Haikuwashwa tena."

"Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Haikuwa na ugonjwa."

Iddy alikuwa mgeni. Alikuwa ametoka Singida miezi michache iliyopita na cheti chake cha chuo kikiwa bado kinanukia wino, akapangiwa kumbukumbu za wagonjwa, na alikuwa bado anaamini kwamba kitu chochote kilichoharibika kina kipande chake mahali fulani. Alipangusa grisi kavu juu ya prosesa kwa pamba na spiriti, akapaka mpya, akasema bismillah, akaishusha kwenye kitako chake huku amebana pumzi, maana kijipini kimoja kikipinda kazi yote imekwisha. Hakikupinda. Akapachika RAM, akasikia zikilia "ka!" pande zote mbili. Akaunga nyaya. Mwishowe akaibonyeza betri kuukuu mahali pake.

Feni ilizunguka. Kioo kikawaka. Tarehe ilisema 14 Machi 2013, na mvua ikaanza kupiga bati.

Nje ilikuwa Septemba. Kupitia mlangoni Iddy aliona jua, na dagaa aina ya usipa walioanikwa kwenye vichanja kuelekea ziwani. Kupitia dirishani aliona mvua ya masika ikichimba udongo mwekundu. Na kwenye benchi la ukutani alikuwa ameketi mwanamke mjamzito, kitenge kimelowa hadi magotini, mikono miwili imeshika ukingo wa benchi.

"Habari za kazi, daktari," alisema.

"Nzuri, dada. Ila mimi si daktari. Mimi ni wa kumbukumbu."

"Basi andika kwamba nimefika."

Iddy aliandika. Sista Tereza aliingia, akamtazama, akaweka beseni chini.

"Anjelina. Umefika."

"Nimefika, sista. Usiku kucha sikulala."

Sista Tereza alimgusa tumbo kwa viganja viwili, taratibu, akisikiliza kwa vidole. "Mtoto amekingama bado," alimwambia Iddy. "Anatakiwa kupasuliwa, na hapa hatupasui. Ni Mbinga. Hata siku ile nilisema hivihivi."

"Siku ile ikawaje?"

"Gari la wagonjwa lilikuwepo. Jipya, limeegeshwa hapo uani. Lilikuwa na utepe, linasubiri mgeni rasmi aje akate. Tulipiga simu, wakasema yuko njiani, amefika Kitai. Alifika jioni. Akakata, tukapiga makofi, tukapiga picha. Safari ya kwanza ya gari lile ilikuwa kumrudisha huyu kwao Tingi. Yeye na mtoto."

Anjelina alisikiliza yote hayo kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Iddy alikiinamia kioo cha kompyuta. Si kwa sababu ya marehemu. Kwao Singida pia marehemu walijulikana kuja. Ilikuwa kwa sababu ya saa. Saa kwenye kona ya kioo ilikuwa inatembea, na jioni ilikuwa bado haijafika.

"Tumtoe," alisema. "Gari lipo."

Kweli lilikuwepo. Lile la zamani lilikuwa nyuma ya jengo, juu ya mawe, bila matairi. Lakini wiki hiyo lilikuwa limeletwa jipya, jeupe, na dereva, Mzee Baltazar, alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi. Walimshika Anjelina mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakamwinua, wakatembea naye hadi mlangoni. Walipovuka kizingiti, Iddy na Sista Tereza walijikuta juani, mikono mitupu. Kizingitini kulikuwa na alama ya unyayo wenye maji. Walipogeuka, Anjelina alikuwa benchini.

"Samahani," alisema. "Nimewachosha bure."

Basi ilibidi gari litoke kwenye siku ya Anjelina mwenyewe. Iddy alikwenda dirishani, akafungua, na mvua ikamrukia usoni. Uani, upande ule wa dirisha, gari jeupe la mwaka ule lilikuwa limefungwa utepe mwekundu kutoka kioo cha pembeni hadi kingine. Kijana mwembamba mwenye sare mpya alikuwa amejikunyata chini ya turubai, kati ya viti vya plastiki vya wageni.

"Kaka! Leta gari mlangoni! Kuna mama anajifungua!"

"Namjua," kijana alijibu. "Nimemwona akiingia. Utepe haujakatwa, ndugu yangu."

"Kata wewe!"

"Nikate mimi ni nani?"

Iddy alimtambua kwa masikio. Masikio ya namna ile yalikuwa mawili tu Ndumbika nzima. Alitoka mbio juani, akalizunguka jengo, akamkuta Mzee Baltazar akipuliza vumbi kwenye taa za gari jipya, kwa uangalifu, asiuguse utepe wake, maana hilo nalo lilikuwa likisubiri mgeni rasmi.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu dirishani hasikii la mtu mwingine. Pengine atakusikia wewe."

Mzee Baltazar alikunja kitambaa mara nne, akaingia mapokezi, akafuta miguu. Alimwona Anjelina. Akavua kofia.

"Bado unasubiri, binti?"

"Bado, kaka Baltazar. Umezeeka."

"Ni kazi." Akaenda dirishani, akaegemeza viwiko, mvua ikamlowesha mikono ya shati.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema kule nje.

"Marahaba. Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Mfuko wa kulia."

"Ndiyo. Kwani wewe nani?"

"Mimi ni wewe."

Kijana alisogea karibu, akamkagua, hasa kichwani. "Kumbe nitakuwa na mvi hivyo. Na hiyo sare ni ya idara?"

"Ya idara."

"Kwa hiyo sikufukuzwa."

"Hukufukuzwa."

"Basi nilifanya vizuri kutoligusa," kijana alisema, na uso wake ukapata nafuu.

Mzee Baltazar alishika ukingo wa dirisha. Nyuma yake Anjelina alitoa mguno mfupi, akaumeza. Sista Tereza alikuwa amepiga magoti mbele yake, akimsugua mgongo, akimwambia apumue.

"Sikiliza," Mzee Baltazar alisema. "Kata huo utepe. Nakuambia mimi."

"Mzee, nina mwezi mmoja kazini. Mke wangu amejifungua juzi. Wamesema atakayegusa utepe arudi kwao akalime." Kijana alifuta maji usoni. "Wewe ungekuja hapo dirishani na jembe begani, ningejua kwamba nilikata, ningekata sasa hivi. Umekuja na sare. Nifanyeje?"

Mzee Baltazar alisimama pale hadi mikono yake yote ikalowa. Iddy alimtukana yule kijana, kisha akambembeleza, kisha akamtajia watoto wake kwa majina ambayo Mzee Baltazar alimnong'oneza. Kijana alifurahi kusikia kwamba watakuwa wanne. Alasiri benchi lilikuwa tupu. Sista Tereza alilipangusa kwa kitambaa chenye dawa. Iddy alipozima kompyuta, mvua ilikatika.

Asubuhi iliyofuata aliiwasha, kwa kuwa maombi ya dawa yalikuwa hayajaisha. Betri ilikuwa kuukuu na haikuweza kushika siku mpya. Ilirudi palepale. Mvua ikaanza, na Anjelina akasema, "Habari za kazi, daktari."

Watu walizoea. Waliokuja kupima malaria walimwachia nafasi kwenye benchi. Sista Tereza alimletea uji. Mama mmoja wa Tingi alimtuma salamu kwa mume wake, ambaye Machi ile alikuwa bado hajafa, na Anjelina aliahidi kuzifikisha akirudi. Iddy kila siku alifungua dirisha na kuanza upya, kwa maana kijana yule hakukumbuka ya jana. Alijaribu kwa upole, alijaribu kwa Mungu, alijaribu kwa sigara. Siku moja kijana alitia mkono mfuko wa kulia. Iddy alijiinamisha nje ya dirisha. Kijana alitoa leso, akapenga kamasi.

Mganga mfawidhi, Daktari Clemence, alikuwa na wasiwasi juu ya tarehe. "Taarifa zetu zinakwenda za mwaka 2013," alisema. "Mbinga watatushangaa." Mbinga hawakushangaa. Walijibu kwamba taarifa zimepokelewa na zimejazwa vizuri. Hata hivyo Daktari alimwagiza fundi Erasmo betri mpya, ikaja kwa basi, ndani ya bahasha, na akamkabidhi Iddy mkononi. "Weka leo."

Iddy aliiweka mfukoni. Alijua kwamba akiibadilisha, tarehe itakuwa ya kweli, dirisha litaonyesha jua, na hakutakuwa na mtu tena wa kumwita yule kijana. Maadamu mvua inanyesha, alijiambia, kuna asubuhi moja ambayo atasema neno sahihi. Alilala akilitafuta neno hilo.

Hakuwa amelipata siku Lidia alipokuja. Lidia hakuwa wa mwaka mwingine. Aliletwa kwa bodaboda kutoka Tingi, kitenge kikavu, vumbi usoni, mimba yake ya kwanza. Sista Tereza alimlaza, akaweka viganja, akasikiliza kwa vidole. Kisha akainua macho kumtazama Iddy, na Iddy akatoka nje kabla hajaambiwa.

"Mzee Baltazar! Ufunguo!"

"Ninao." Mzee alikuwa amesimama kando ya gari jipya, kitambaa mkononi. Hakumtazama usoni. "Utepe, mwanangu."

"Wewe! Wewe wa kuniambia habari za utepe?"

"Nina watoto wanne wa kusomesha."

Iddy alipiga simu Mbinga. Sauti ya mtu mstaarabu ilimwomba awe na subira, mgeni rasmi yuko njiani, amefika Kitai. Iddy alikata simu. Aliingia chumba cha kufungia vidonda, akachukua mkasi, akatoka, akaukata utepe. Ulikuwa kitambaa chepesi, ulikatika kwa urahisi sana, na vipande viwili vikaanguka mavumbini. Mzee Baltazar alivitazama. Mkono wake ulienda mfuko wa kulia, ukabaki humo.

Daktari Clemence alifika akitembea haraka. Hakugomba. Aliinama, akaokota vipande, akavikung'uta, akavifunga fundo dogo ambalo kwa mbali lisingeonekana, akaurudisha utepe mahali pake. "Haukukatwa na mwenye kukata," alimweleza Iddy kwa upole. "Kwa hiyo bado haujakatwa."

Mzee Baltazar alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu.

Iddy alirudi mapokezi, mkasi bado mkononi. Mlangoni kulikuwa na jua na utepe mwekundu. Dirishani kulikuwa na mvua na utepe mwekundu. Sista Tereza alikuwa akimwongoza Lidia kutoka kitandani, maana kitanda kilikuwa kimoja na kulikuwa na mgonjwa mwingine wa kukipanda, akimtafutia mahali pa kukaa.

Anjelina aliwaona. Alijikaza, akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akapangusa kwa kiganja sehemu iliyolowa.

"Kaa hapa, mdogo wangu," alisema. "Usiogope. Wanasema mgeni ameshafika Kitai."