Mgongo wa Ukurasa

Siku mdogo wangu alipopigiwa makofi kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, nami nilipiga. Nilipiga kuliko wote, mpaka viganja vikaniwasha, maana mtu anayepiga makofi sana hakuna anayemtazama usoni.

Alikuwa amebandika karatasi. Hilo tu. Karatasi kumi na mbili, kila idara yake, zenye kichwa cha herufi nene: MATATIZO BAADA YA SASISHO NA NAMNA YA KUYAKWEPA. Jumamosi kompyuta zote za hospitali zilikuwa zimepokea toleo jipya la mfumo, na Jumatatu asubuhi, kama ilivyo ada, kila mtu alikuta lake. Mapokezi, herufi zilikuwa zimenenepa mpaka majina ya wagonjwa hayaenei kwenye skrini. Duka la dawa, kipanya kilikuwa kinakimbia huku na huku kama kimeona paka. Chumba cha kutolea damu, printa ya lebo ilikuwa imegoma kabisa. Siku kama hiyo simu ya chumba chetu cha mafundi wa kompyuta, kile cha chini ya ngazi, hulia mpaka nasahau kula. Safari hii ililia mara mbili. Watu walisoma ukutani, wakajitibu.

"Huyu binti ni hazina," alisema mkuu wa kitengo chetu. "Ana miezi minne tu hapa! Wengine tuna miaka, na jambo dogo kama hili halikutujia akilini."

Hakunitazama aliposema wengine. Angenitazama ingekuwa nafuu.

Maana kila neno la karatasi zile lilitoka kwenye daftari langu.

Nimeandika daftari hilo, la kufunuliwa kwa juu, kwa miaka mitatu, tangu nilipotoka chuoni. Kila tatizo lina ukurasa wake. Mbele naandika dalili na dawa: kompyuta inafanya hivi, wewe ifanyie vile. Nyuma ya ukurasa huohuo, kwa kalamu nyekundu, naandika dawa hiyo inaharibu nini. Njia ya kukwepa tatizo si sawa na kulitatua. Ukizunguka shimo kwa kupita shambani, shimo umelikwepa, lakini mahindi ya mtu umeyakanyaga. Mbele shimo, nyuma mahindi. Sikuwahi kumweleza mtu utaratibu huo kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jumapili mdogo wangu aliniomba daftari. "Dada, nipe kile kitabu chako cha maradhi, kesho siku nzima tutasumbuliwa." Alikaa kitandani akakipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, huku akiimba. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, napiga pasi sare zetu mbili. Nyumbani tunamwita Kasuku. Alianza kusema kabla ya kutembea, na mpaka leo hajapumzika. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale. Niliingia ofisi ya mkuu huku jasho linanitiririka, nikasema sentensi mbili nilizozifanyia mazoezi siku tatu.

Jumatatu saa tatu, kabla ya yale makofi, nilikuwa nimepita chumba cha kutolea damu. Karatasi ilikuwa ukutani, juu ya kompyuta. Nikasoma namba saba: *Printa ya lebo haichapi. Rudisha tarehe ya kompyuta nyuma wiki moja, kisha chapa.* Nukta.

Nilisimama pale. Dawa hiyo niliigundua mwenyewe baada ya sasisho la mwaka jana, na inafanya kazi. Lakini nyuma ya ukurasa ule kuna mistari mitatu myekundu: lebo zitatoka na tarehe ya wiki iliyopita. Ziandike tarehe ya leo kwa mkono kabla ya kubandika kwenye chupa. Usisahau, maabara hutupa damu iliyozidi siku mbili.

Kasuku alipiga picha za mbele tu, hakugeuza kurasa kuona nyuma.

Nilifungua mkoba nitoe kalamu. Nilikuwa nimeshaishika. Ndipo muuguzi wa pale, mwanamke mnene mcheshi ambaye wagonjwa humwita Mama Sindano, aliponigusa bega.

"Mwambie mdogo wako Mungu amzidishie," akasema. "Apdeti zimetutesa miaka hii yote, hatuna hata mtu wa kutusaidia."

Hatuna hata mtu. Mwaka jana nilipiga magoti chini ya meza yake ileile saa mbili nzima, nikatoka na utando wa buibui kichwani. Alinipa kitambaa nijifute. Akacheka, nami nikacheka.

"Nitamwambia," nikasema. Nikairudisha kalamu mkobani.

Jioni hiyo mama alikuwa ameshapata habari. Alitupakulia chakula huku akimsimulia jirani kwa simu iliyobanwa begani. "Ndiyo, huyo mdogo! Hospitali nzima! Makofi!" Alipokata simu akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mama yangu inauma kuliko kofi lake. "Nawe mwanangu, ungekuwa na mdomo kidogo tu."

"Mama, daftari ni la dada," Kasuku akasema, tonge mdomoni. "Mimi nimenakili tu. Hata mkuu nilimwambia, hakusikia, alikuwa anajisikiliza mwenyewe."

"Daftari si mdomo," mama akasema.

Mtu mwema angefurahi kutetewa. Mimi niliumia zaidi. Hata haki yangu ilibidi aniombee yeye! Nilikuwa na neno moja ulimini: geuza. Geuza kurasa, mdogo wangu. Nikalimeza na maji. Nilijiambia Mama Sindano ana macho, ataiona tarehe. Nilijiambia pia, na hili naliandika kwa aibu, kwamba asipoiona, basi wataona kasuku ni kasuku tu.

Jumanne asubuhi benchi la nje ya chumba cha kutolea damu lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama. Maabara ilikuwa imemwaga sampuli ishirini na tatu. Waliotolewa damu jana walikuwa wameitwa tena, wote.

Mlangoni alikaa bibi mmoja mwembamba, mkono ameunyoosha mezani. Mishipa yake ilikuwa ya kujificha. Sehemu tatu za jana zilikuwa zimevimba, rangi ya zambarau iliyoiva.

"Mjukuu wangu, damu yangu ya jana ilikosa nini?" akamuuliza Mama Sindano.

"Haikukosa kitu, bibi. Imeandikwa ni ya wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilikuwa kwangu nafua mablanketi. Nani alinitoa damu, sabuni?"

Watu wakacheka. Mama Sindano hakucheka. Alikuwa anatafuta mshipa kwa kidole, anabonyeza, anaacha, anabonyeza. Sindano ilipoingia bibi alifumba macho, na damu haikuja. Ikabidi sindano itolewe, ahamie mkono wa pili.

Mkuu wa kitengo alifika na karatasi ameibandua ukutani, gundi bado inaning'inia. Nyuma yake alikuja Kasuku.

"Nani aliyekwambia uandike hivi?" mkuu akauliza. "Hii namba saba umeitoa wapi?"

Kasuku aliniangalia. Kulikuwa na sentensi moja rahisi, tena ya kweli, ya kumwokoa: kwenye daftari la dada. Niliiona inamfika mdomoni. Akaizuia.

"Ni mimi," akasema. "Nilinakili vibaya. Kosa ni langu, mkuu."

"Unajua hapa unaweza kupoteza kazi?"

"Najua."

"Nilijua," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo, hutoka na kurudi ndani kabla haijafika kwa mtu.

"Dada, acha," Kasuku akanong'ona.

"Unasemaje?" mkuu akauliza. "Sema kwa sauti."

Benchi lote likanigeukia. "Daftari ni langu. Onyo liko nyuma ya ukurasa, yeye hakulipiga picha, hakujua kama lipo. Mimi niliisoma karatasi jana saa tatu. Nikaona linakosekana. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Ningeweza kusema nilisahau. Bibi alikuwa amefumbua macho, ananitazama, pamba imebanwa kwenye kiwiko.

"Niliona wivu."

Mama Sindano aliweka mkono mdomoni. Mkuu aliikunja karatasi. Bibi ndiye aliyesema kwanza.

"Haya. Angalau humu kuna mmoja anayejua ugonjwa wake." Akanyoosha tena mkono. "Nitoeni basi, nina nguo kwenye kamba."

Barua ya onyo niliipata mimi, ya kwanza na ya mwisho, imeandikwa hivyo hivyo. Kasuku hakufukuzwa. Hakusema nami siku mbili, na nyumba yetu ikawa kimya mpaka mama akadhani tunaumwa. Aliniuliza swali moja tu, tukiwa tunafunga viatu asubuhi.

"Jumatatu jioni, tulipokuwa tunakula, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Akatangulia kutoka.

Siku ya tatu nilimkuta chini ya ngazi ametoboa matundu juu ya karatasi kumi na mbili mpya, anapitisha uzi. Hazibandikwi tena, zinaning'inia, mtu aweze kuzigeuza. Mbele alikuwa ameshachapa. Nyuma palikuwa peupe.

"Mgongo ni wako," akasema, akanisogezea kalamu nyekundu. "Andika."

"Utaniamini?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana nitasoma."

Akachukua waya zake akapanda juu. Nilikaa, nikaivuta karatasi ya kwanza. Mfamasia alichungulia mlangoni.

"Samahani dada, yule daktari wetu wa kompyuta yuko wapi? Yule mchangamfu?"

Wivu ukanichoma palepale pa siku zote.

"Yuko ghorofa ya pili," nikamwambia. Kisha nikaigeuza karatasi, nikaanza na namba saba.